Yeye vidonge vinne, mimi vitatu: mbona miguu inayowaka ni yangu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 34, nina watoto wawili, naishi kijijini wilaya ya Newala. Msimu wa korosho uliopita mume wangu alikohoa tangu tunaanza kuokota mpaka tunapeleka gunia la mwisho ghalani. Alidhani ni vumbi la salfa, maana yeye ndiye anayebeba mashine ya kupulizia. Alipopimwa makohozi akakutwa na kifua kikuu. Wakaniita na mimi, nami nikakutwa nacho.

Tulianza dawa siku moja. Yeye ana kilo 61, akapangiwa vidonge vinne kwa siku. Mimi nilikuwa nimekonda, kilo 47, nikapangiwa vitatu. Tunameza pamoja alfajiri kabla ya chai, tunataniana kwamba hii ndiyo ndoa ya vidonge. Miezi miwili ya kwanza ilipita salama, mkojo mwekundu tu kama walivyotuambia. Kikohozi kikaisha, na nguo zikaanza kunikaa.

Mwezi wa tatu vidole vya miguu vikaanza kunichomachoma kama nimepita kwenye upupu. Halafu ikawa nyayo. Usiku zinawaka moto, siwezi hata kuvumilia shuka. Naweka miguu kwenye beseni la maji, na Shangazi unajua huku kwetu maji ni ya kununua kwa ndoo, mume wangu ananung'unika. Mchana moto unapoa, inabaki ganzi.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka kuteka maji, ndoo kichwani, mwanangu mdogo nyuma yangu. Akaniita, "Mama, kiatu!" Kutazama chini, kandambili ya kushoto haipo. Nilikuwa natembea peku upande mmoja na sikuhisi mchanga. Akanionyesha kwa kidole ilikobaki, chini ya mkorosho ulio mbele ya nyumba ya mtalaka wa mume wangu. Sikurudi kuifuata mpaka leo.

Niliposimulia hilo nyumbani ndipo mambo yalipoharibika. Mjomba wangu, ambaye ndiye mkubwa wetu, akasema moja kwa moja: umekanyaga. Amemtafuta fundi wa ng'ambo ya Ruvuma. Fundi anataka mbuzi na shilingi laki moja na nusu, na sharti lake ni niache vidonge vya hospitali siku saba, kwa kuwa dawa mbili hazikai chungu kimoja. Mtoto wa dada yangu anayesoma chuo Mtwara mjini anasema huo uchawi ni upuuzi. Yeye anadai tatizo ni dawa za Wazungu, zimepimwa kwenye miili ya Wazungu, sisi Waafrika zinatuunguza. Sasa kama ni hivyo, mbona mume wangu, Mmakonde kama mimi, anameza vinne na bado anapogolea mikorosho kama kijana?

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Tulipoanza dawa, muuguzi alinipa na vidonge vidogo kwenye bahasha, akasema ni vitamini. Nikadhani ni vya kuongeza hamu ya kula. Mwanangu wa miaka minne alikuwa hali vizuri, nikawa nampa yeye. Vilipoisha sikuuliza vingine.

Niache dawa? Nimfuate mjomba? Nimechoka, Shangazi.

Mama Wawili, Newala

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nakupa jibu kwanza, maelezo yatafuata. Vidonge vya TB usiviache. Kesho asubuhi uwe kliniki ya kifua kikuu ulikoandikishwa, na ukifika usiseme "naumwa miguu," maana utapewa panadoli urudi nyumbani. Sema hivi: "Tangu mwezi wa tatu wa dawa nyayo zinawaka na zina ganzi, na vile vidonge vya vitamini sikuvimeza mimi." Mhudumu wa TB akisikia hayo ataweka kalamu chini akusikilize.

Ile bahasha ndogo ndiyo kisa chenyewe, au karibu chote. Vidonge vile kwa desturi ni piridoksini, yaani vitamini B6, na muuguzi alikupa kwa sababu aliona umekonda. Nimekaa dirisha la dawa Lindi miaka mingi na nimeiona bahasha hiyo ikipotelea njiani mara nyingi. Wengine huona vidonge ni vidogo, wakafikiri havina kazi. Kosa si lako peke yako. Aliyekupa alipaswa kukwambia ni vya kulinda nini, si kusema "vitamini" tu kama anakugawia peremende.

Ndani ya vidonge vyako vitatu mna isoniazidi, dawa kongwe, ilianza kutumika kwa TB mwaka 1952. Vimelea inawamudu vizuri sana. Tatizo ni kwamba inaunyang'anya mwili vitamini B6, na mishipa ya fahamu haiendi bila vitamini hiyo. Mishipa iliyo mirefu kuliko yote ni ile inayoteremka mpaka miguuni, ndiyo maana njaa inaanzia huko: vidole, kisha nyayo, kisha vifundo, na mtu akizembea inaingia na vidole vya mikono. Tena inakuja miguu yote miwili kwa pamoja, kama soksi. Uliponiandikia kwamba ilianzia vidoleni ikapanda, nilikwisha jua. Sijasikia tego linalogawa sawasawa kushoto na kulia namna hiyo.

Sasa swali lililonifanya niitoe barua yako kwenye rundo: mbona mwenzio hana kitu?

Umewahi kubangua korosho na wenzio, nina hakika. Mmekaa watu wawili, kila mmoja ana beseni lake, mmeanza pamoja asubuhi. Mwenye mkono mwepesi adhuhuri keshamaliza, anakung'uta kanga. Mwenzake adhuhuri ile bado ana nusu beseni, na mafuta ya maganda yanaendelea kumla vidole muda wote huo. Si mvivu, mkono wake ndivyo ulivyo. Ini la mumeo na ini lako ni wabanguaji hao wawili. Isoniazidi ikifika kwenye ini kuna kimeng'enya kinachoishughulikia ili itoke kwa mkojo, watafiti wanakiita NAT2. Kwa mwenye kimeng'enya chepesi nusu ya dawa huwa imekwisha kuondoka kwenye damu kwa muda wa saa moja hivi, au moja na nusu. Kwa mwenye kizito huchukua saa tatu, wakati mwingine zaidi. Sisemi dawa inarundikana leo mpaka kesho. Kila siku damu yako inakaa na dawa nyingi zaidi na kwa saa nyingi zaidi kuliko damu yake, hata kama umemeza vitatu na yeye vinne. Vidonge vinahesabiwa kwa kilo, na mzani wa kliniki haupimi wepesi wa ini.

Wepesi huo mtu hauleti kwa chakula wala kwa mazoezi. Anazaliwa nao. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni ya kimeng'enya hicho, moja ya mama na moja ya baba, na wazito kwa kawaida ni wale waliorithi nakala nzito pande zote mbili. Jambo hili halikugunduliwa juzi. Miaka ya 1950 mwishoni huko Madras, India, wagonjwa wa TB waliopewa isoniazidi kwa kiwango kikubwa walipata miguu kama yako, na waliopata zaidi walikuwa wale ambao miili yao ilichelewa kuiondoa dawa. Mwaka 1960 madaktari waliokuwa Marekani wakachapisha kazi waliyoifanya kwa familia zaidi ya hamsini: baba, mama na watoto walimezeshwa isoniazidi, na baada ya saa sita wakatolewa damu. Watu wakagawanyika makundi mawili, wepesi na wazito, na mgawanyiko ukafuata damu ya ukoo. Kwa hiyo hili ni la kwenu nyote. Dada yako au kaka yako akija kuanzishiwa dawa hizi, aseme mapema kwamba ndugu yake zilimwasha nyayo.

Sikupachiki cheti, maana sijakupima. Inawezekana wewe ni mzito, inawezekana pia ni kukonda na kukosa B6 tu kumekufikisha hapo, na mara nyingi yote huenda pamoja. Na huna haja ya kutafuta kipimo cha jeni. Hata kingekuwapo hapo zahanati, tiba ingekuwa ileile, na ni vidonge vya bei ndogo.

Tena mumeo asijitape. Wepesi nao una gharama yake. Mtu anayeiondoa dawa haraka mno anaweza kubaki na dawa kidogo kwenye damu, na hilo lilionekana waziwazi katika tiba za zamani za kumeza mara moja kwa wiki, wepesi walipona kwa shida zaidi. Ndiyo maana yeye akiruka siku moja anajidhuru. Mwangalie.

Huyo mwanachuo wenu ana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayosumbua vijiweni. Kwamba makabila na mataifa yanatofautiana katika vimeng'enya hivi, ni kweli kabisa. Kwa NAT2, Japani wazito ni kama mmoja kati ya kumi. Ulaya ni zaidi ya nusu ya watu. Misri wanafika wanane kati ya kumi. Kwetu kusini mwa Sahara ni karibu nusu kwa nusu, na inabadilika jamii hadi jamii. Sasa aketi apige hesabu mwenyewe: kama isoniazidi ilipimwa kwa Wazungu, basi zaidi ya nusu yao walikuwa na ini kama nadhani lako lilivyo. Kwa dawa hii wewe uko karibu na Mzungu kuliko ulivyo karibu na mumeo mnayelala kitanda kimoja. Hapo hoja ya "miili ya Wazungu" inakatika.

Ila nisimwonee mtoto wa watu. Kuna dawa ambayo hoja yake ingesimama. Waliotumia ARV miaka ya nyuma wanaikumbuka efavirenzi, ile ya kumeza usiku, mtu anaota anakimbizwa na nyoka na asubuhi anayumba kama amekunywa nipa. Dozi ilikuwa miligramu 600 kwa kila mtu mzima. Efavirenzi inashughulikiwa na kimeng'enya kingine, CYP2B6, na aina yake nzito imeenea Afrika kuliko Ulaya. Watafiti wa Zimbabwe na wa hapa Tanzania wakaonyesha kuwa wenye aina hiyo walikuwa wakikaa na dawa nyingi mno kwenye damu. Baadaye utafiti wa nchi kadhaa ukaona miligramu 400 zinatosha, na tangu 2019 nchi yetu ikawahamishia wagonjwa kwenye dolutegravir, ARV nyingine. Watu walioambiwa "utazoea" walikuwa na haki ya kulalamika. Hapo nipo na mwanachuo wako bega kwa bega.

Pale anaposema "sisi Waafrika" ndipo ninapomwacha. Waafrika wapi? Kodeini, dawa ya maumivu, inageuzwa kuwa mofini na kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa wana nakala za ziada za jeni hiyo, yaani watu ambao kidonge cha kawaida kinaweza kuwageukia mofini nyingi ghafla. Ukishuka Zimbabwe, jeni ileile ina aina iliyoenea sana inayofanya kazi taratibu. Wote Waafrika, wote weusi, na kidonge kimoja kingewafanyia mambo mawili tofauti. Bara letu ndilo lenye tofauti nyingi za jeni kuliko bara lolote, na rangi ya ngozi haikuambii lolote kuhusu ini. Hata kabila halitoshi. Wewe na mumeo ni Wamakonde wote, na tazama.

Wa rika langu hatukuhitaji maabara kulijua hili. Enzi za klorokwini, kabla haijaondolewa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, nyumba moja baba anameza analala, mama anajikuna usiku kucha mpaka damu. Sisemi muwasho ule ulitokana na vimeng'enya hivi, nasema tu kwamba hakuna aliyesema mama amerogwa. Tulisema "klorokwini haipatani naye," basi.

Turudi kwako. Kliniki watakupa piridoksini kwa kiwango cha kutibu, ambacho ni kikubwa kuliko kile cha kwenye bahasha, na kiwango watapanga wao. Usiende dukani kujinunulia na kumeza kwa kukisia, B6 yenyewe ikizidi mno kwa muda mrefu inaumiza mishipa hiyohiyo. Watakuuliza mengine: kama umepima sukari, kama umepima VVU, kama una mimba. Watakuuliza na pombe. Hukuandika kama unaonja uraka msimu wa mabibo, nami sikuulizi mbele za watu, ila wao uwajibu kweli. Mkiwa mnakula mihogo michungu waambie pia. Ile isiyolowekwa ikakauka vizuri ina ugonjwa wake wa miguu, ambao huku kwetu umewahi kuonekana, lakini ule hukakamaza miguu ghafla na hauwaki kama wako.

Moto wa nyayo hautazimika kwa usiku mmoja. Hesabu wiki, pengine miezi, na ganzi huwa ya mwisho kuondoka. Kwa sasa miguu yako haikwambii ukweli, kwa hiyo tumia macho: kila jioni kaa kwenye mwanga, geuza nyayo, tafuta mwiba, lengelenge, kidonda. Beseni la maji ya baridi sina ugomvi nalo, maji ya moto na kuota jiko la mkaa ndiyo nakukataza, utaungua na hutajua. Shambani viatu vya kufunika.

Na kuna dalili moja usiichanganye. Mkojo mwekundu au wa rangi ya chungwa ni rifampisini, dawa nyingine iliyomo kwenye vidonge vyako, umeuzoea. Macho yakiwa manjano, au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, na ukatapika na tumbo la kulia likauma, hilo ni ini. Siku hiyohiyo hospitali, usimeze dozi nyingine kabla hujaonwa.

Mtoto nusura nimsahau, na yeye ndiye aliyenishtua kuliko miguu yako. B6 ya wiki chache kwa kiasi hicho sioni kama imemdhuru, ingawa kliniki uitaje. Lakini huyu ana miaka minne, analala nyumba yenye wagonjwa wawili wa TB, na unasema hali vizuri. Amepimwa? Wa chini ya miaka mitano katika nyumba kama yenu huchunguzwa, na akikutwa hana ugonjwa huanzishiwa dawa ya kinga. Beba wote wawili kesho, huyo na mkubwa wake.

Mjomba ni mjomba. Kwenu neno lake ni zito na mimi sikutumi ukamwambie amekosea. Mwombe akusindikize kliniki. Mwambie, "Mjomba, njoo usikie mwenyewe watakachosema, halafu tutazungumza habari ya mbuzi." Mkubwa akishirikishwa kwenye safari habaki nyuma kuipinga. Fundi akitaka kukuchua miguu kwa mafuta, akuchue. Cha kunywa hapana, ini lako tayari lina kazi ya kutosha. Na siku saba bila vidonge ni siku saba za kuwafundisha vimelea ujanja, TB ikirudi ikiwa sugu utatibiwa kwa dawa kali kuliko hizi, na mbuzi ataonekana rahisi.

Yule mtalaka wa mumeo naona hujamtaja kwa ubaya wowote, ila umekaa wiki mbili unaikwepa nyumba yake. Kandambili ilivuka pale kwa sababu mguu wako ulikuwa na ganzi, ingeweza kuvuka popote kati ya bomba na kwako. Mtoto ameshakuonyesha ilipo. Pita kaichukue mchana kweupe ukitoka kliniki, na ukimkuta yuko nje anafagia, msalimie.

Shangazi